Kutoka Ngitili za Shinyanga hadi Maduara ya Geita: Safari ya Mume na Mke

Katika miaka 22 ya ndoa yetu tumesafiri pamoja mara nyingi, lakini kila safari ilikuwa ya msiba, ya harusi au ya kumwona mgonjwa. Hatukuwahi hata mara moja kuondoka nyumbani kwetu Tabora kwa nia ya kuitazama tu ardhi ya Mwenyezi Mungu. Mwaka huu, baada ya binti yetu wa mwisho kwenda shule ya bweni na nyumba kubaki kimya, tulikubaliana kutenga siku 7 mwezi wa Septemba. Tungekwenda kwa gari letu dogo: Shinyanga, Mwadui, Kahama, Geita, na hatimaye Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo ndani ya Ziwa Viktoria.

Tukiri mapema kwamba safari hii ilikuwa na sababu ya pili, ambayo watoto hatukuwaambia. Miaka 9 iliyopita, bangili 4 za dhahabu zilizokuwa mahari ya mke ziliuzwa, na fedha zake zikatiwa katika duara la dhahabu mkoani Geita. Hazikurudi. Tangu hapo neno Geita halikutajwa tena mbele ya sinia letu la chakula. Tulipoanza kupanga safari, mume alitaja Dar es Salaam, akataja Tanga. Mke akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba watoto, kama ni kutembea kweli, nipeleke nikalione hilo shimo lililokula bangili zangu."

Makala haya tumeyaandika pamoja. Panapolazimu kututenganisha, tutasema mume, na tutasema mke.

Nchi iliyokaribia kuwa jangwa

Tuliondoka Jumatano baada ya Sala ya Alfajiri. Kutoka Tabora hadi Shinyanga ni yapata kilomita 200, kupitia Nzega na Tinde, na barabara ni ya lami. Kadiri tulivyosonga kaskazini ndivyo miembe ilivyopungua na upeo wa macho ulivyopanuka. Septemba ni kilele cha kiangazi. Mibuyu ilikuwa imepukutisha majani yote, majaruba ya mpunga yamekauka na udongo wake mweusi umepasuka, na makundi ya ng'ombe yalikuwa yakitembea mwendo mrefu kutafuta maji, vumbi likiyafuata nyuma. Kisha ikaja miamba ya Usukumani, mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana moja juu ya jingine, hata mtu hujiuliza ni nani aliyeyapanga. Jibu lake Mwislamu analijua.

Mgeni anayeiona Shinyanga leo huidhania kuwa kavu. Hajui jinsi ilivyokuwa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu kufyeka misitu ili kuwaangamiza mbung'o, wanaoeneza ugonjwa wa malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika, chini ya Charles Swynnerton, ilikuwa na makao yake hapa hapa Shinyanga. Mbung'o walipungua na miti ikaondoka nao. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka na mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wakayaacha nyuma maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Julius Nyerere aliutembelea mkoa huu, na hali aliyoikuta ilimfanya auite jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Mwanzoni wataalamu waligawa miche. Hatimaye walibaini kwamba dawa ilikuwamo nyumbani mwa wagonjwa. Wasukuma walikuwa na desturi ya kale iitwayo ngitili: kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza, kisiguswe na ng'ombe wala shoka, na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali, ili mifugo ipate majani wakati kwingine kote hakuna. Mwaka 1986 ngitili zilizosalia zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004, mpango ulipofikia tamati, zilikuwa zimerudi katika zaidi ya hekta 300,000.

Mwenyeji wetu, mzee aliyewahi kusoma na baba wa mke, alitupeleka kuiona ngitili ya ukoo wake alasiri ile. Tulimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, babu," akacheka jinsi tulivyoitamka, akatukaribisha kwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa. Kwa nje ngitili haina jambo la kushangaza. Ni kichaka cha migunga na nyasi ndefu za rangi ya manjano, hakina ukuta wala waya. Lakini hatua chache ndani, joto lilipungua na sauti za ndege zikaongezeka. Alituonyesha visiki vya zamani ambavyo vilichipua vyenyewe. "Hatukupanda," alisema. "Tuliacha kukata."

Mke akamuuliza: "Babu, na mtu akiingiza ng'ombe wake usiku?"

"Atatozwa faini. Mkutano wa kijiji, sisi tunauita dagashida, ndio unaopanga kanuni, na sungusungu ndio wanaomkamata. Ngitili ina mwenyewe, mwanangu. Hata mwenye njaa hubisha hodi kwanza."

Usiku ule, baada ya kukusanya Magharibi na Isha kama wasafiri, tulizungumza juu ya jambo ambalo msomaji wa gazeti hili atalifurahia. Desturi hii ina ndugu yake katika historia ya Uislamu, nayo ni hima. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliifanya ardhi ya Naqi', karibu na Madina, kuwa malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (r.a.) naye akaihifadhi Rabadha kwa ajili ya wanyama wa sadaka, huku akiwaruhusu masikini wenye mifugo michache wafaidike nayo. Mkulima wa Shinyanga na sahaba wa Mtume walifikia hekima moja: nchi kavu haiokolewi kwa kutumia zaidi, huokolewa kwa kuweka akiba na kuiheshimu mipaka yake.

Almasi ya Mwadui na neno la Isaka

Alhamisi asubuhi tulikwenda Maganzo na Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga. Hapa ndipo mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, alipogundua mgodi mkubwa wa almasi. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5 kabla ya kukatwa, naye akaitoa zawadi ya harusi kwa binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia. Hatukuingia mgodini. Tulisimama kando ya barabara tukaviangalia vilima vya kifusi. Mke akasema kwamba katika harusi ile ya mbali, bibi harusi alibaki na kito chake mpaka kufa. Mume hakujibu.

Tulirudi kusini mpaka Tinde, tukashika njia ya magharibi. Hapo barabara hujaa malori marefu, mengi yakielekea Rwanda, Burundi na Kongo, na Isaka ndiyo bandari kavu ambako shehena hushushwa kutoka reli. Tulisimama kununua maji. Tulikuwa tumekaa garini na milango iko wazi, joto kali, mke akasema bila kugeuza uso:

"Zile bangili zilikuwa ngitili yangu."

Mume akanyamaza.

"Sikuwa nazivaa kwa ajili ya kuringa. Mama yangu aliniambia, mwanangu, hizi usiziguse mpaka kiangazi kikukaushe. Wewe ulikuja wakati wa masika ukazifungua."

Tumesema makala haya ni ya wawili, basi mume naye aseme lake. Aliposikia maneno hayo alitaka kujibu kama alivyozoea kujibu miaka yote: kwamba aliomba, hakuiba, kwamba nia ilikuwa ada za watoto, kwamba aliyewahadaa ni mtu mwingine. Majibu yote hayo ni ya kweli. Lakini picha ya mzee yule ilimjia, mwenye njaa abishe hodi kwanza, naye akaona kwamba hakubisha hodi. Aliingia akiwa tayari na mnunuzi. Akasema tu, "Ni kweli, mama watoto." Tukawasha gari.

Tulilala Kahama, mji wa mpunga na biashara unaokua haraka. Pembeni yake ulikuwapo mgodi wa Buzwagi, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na kusimamisha uchimbaji mwaka 2021. Miaka 12 tu, mgodi umezaliwa na kuzeeka. Binti yetu aliyekwenda bweni ni mkubwa kuliko mgodi huo.

Katika nchi ya dhahabu

Ijumaa tuliondoka Kahama mapema kuelekea kaskazini. Sehemu kubwa ya njia tuliyopita ilikuwa ya vumbi jekundu, tukafunga vioo na kuvumilia joto. Tulipita Kakola, karibu na Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi ambao eneo lake lilikuwa likichimbwa na wachimbaji wadogo mpaka walipoondolewa mwaka 1996. Miti ya miombo huanza kuonekana huku, na vilima vya kijani, na hewa inaanza kunusa ziwa. Mandhari ni ya kupendeza kuliko Shinyanga. Lakini mtazamaji akiangalia vizuri huona miti iliyokatwa kwa urefu mmoja: ni matimba, magogo ya kushikilia kuta za maduara yasiporomoke. Kila shimo linalochimbwa chini hula msitu ulio juu yake.

Tuliwahi Geita, tukaswali Ijumaa katika msikiti uliojaa hadi uani. Msafiri halazimiki Ijumaa, lakini baada ya vumbi lile udhu ulikuwa raha na jamaa ilikuwa baraka. Safu zilikuwa na vijana wengi ambao mikono yao ilikuwa na mipasuko ya mawe.

Geita si mji wa jana katika habari ya dhahabu. Wajerumani waliigundua hapa mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi wa enzi ya Waingereza ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, kwa kumegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mwaka 2019 lilifunguliwa hapa soko la madini, la kwanza nchini, ambako mchimbaji mdogo hupimiwa dhahabu yake hadharani badala ya kuiuza gizani. Tulilitembelea Jumamosi asubuhi. Tulichokiona ni vyumba vidogo, mizani ya kioo, na watu wanaozungumza kwa sauti ya chini. Mke alisimama muda mrefu akiitazama mizani. Bangili zake zilikuwa na gramu 32. Anaikumbuka idadi hiyo kwa sababu kila Ramadhani, tukihesabu zaka, alikuwa akitaja kwamba hazijafikia nisabu ya gramu 85, hata kwa rai ya wale wanaowajibisha zaka katika mapambo.

Kisha tukaenda kwenye machimbo. Mwenyeji wetu wa Geita alituongoza hadi mahali palipokuwa na duara lile, nje ya mji. Kwa asiyejua, duara ni shimo linaloshuka wima kufuata mwamba wenye dhahabu. Mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe kwa mafungu waliyokubaliana. Mawe hupondwa na kusagwa katika makarasha, unga wake huoshwa kwenye mwalo, na mchanga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki ili ishikane na dhahabu. Kisha huchomwa, zebaki ikapaa kama moshi na dhahabu ikabaki. Moshi huo ni sumu. Huharibu mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi. Ulimwengu uliukubali mkataba wa kuidhibiti zebaki mwaka 2013, ukapewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa kula samaki wenye zebaki. Lakini pale machimboni tulimwona kijana akichoma kipande chake juu ya mkaa, uso wake hauna hata kitambaa.

Tulipofika, tuliambiwa kwamba mwamba ulikwisha miaka mingi iliyopita, na wachimbaji wakahamia kwingine. Yalibaki mashimo, mengine yamefukiwa, mengine yako wazi na yamejaa maji ya kijani. Mbuzi walikuwa wakipita katikati yake. Mwenyeji alituonyesha moja, akasita, akaonyesha jingine, halafu la tatu. Hakuna aliyekuwa na hakika ni lipi.

Kando yetu alikuwapo mama mmoja, mtoto mgongoni, akiponda mawe ya marudio kwa nyundo. Alimwangalia mke kwa huruma, akasema: "Pole, dada. Wengi huja hapa kutafuta mashimo yao."

Mke akamjibu: "Ahsante, dada. Langu nimeliona." Akageuka kurudi garini. Tulidhani angelia, au angesema maneno ya kuumiza, lakini aliomba maji ya kunywa na kuuliza saa ya Adhuhuri.

Maswali matatu ya shehe

Jioni ile tulimwomba mwenyeji atupeleke kwa shehe wa msikiti tulikoswali. Tulikusudia kumuuliza juu ya zaka ya madini, nasi tukauliza. Alitueleza kwa ufasaha kwamba wanazuoni wamekhitalifiana. Wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Shafi, husema dhahabu iliyochimbwa ikifikia nisabu hutolewa robo ya fungu la kumi papo hapo, bila kusubiri mwaka kuisha, ilhali wa madhehebu ya Hanafi husema ni khumsi, yaani moja ya tano. Kisha, bila kupanga, mume akamsimulia habari ya bangili.

Shehe hakumlaumu mtu. Alimgeukia mke, akiwa ameinamisha macho, akauliza: "Mama, ulimpa, ulimkopesha, au mliingia ushirika?"

Tulitazamana. Katika miaka 9 hatukuwahi kujiuliza. Akafafanua kwamba kila jina lina hukumu yake. Ikiwa mke alimpa mumewe mahari yake kwa moyo mkunjufu, ni hiba, na mume hana deni. Ikiwa alimkopesha, ni karadha, na mume anadaiwa, duara likilipa au lisilipe. Ikiwa alitoa mtaji ili wagawane faida, ni ushirika, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji. "Ndiyo maana," alisema, "aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Watu hudhani kuandika ni kukosa kuaminiana. La. Kuandika ni kuulinda upendo."

Mke akajibu polepole: "Shehe, sikumpa. Wala sikutaka faida. Nilisema ndiyo kwa sababu niliogopa nyumba isije ikaharibika."

"Na wewe, baba?"

Mume akasema: "Nilijua kwamba anaogopa. Nilijifanya sijui."

Chumba kikawa kimya. Shehe akasema kwamba ridhaa inayotoka katika hofu si ridhaa ya moyo, na mahari ni haki ya mke ambayo mume hahalalishiwi ila kwa ridhaa ya moyo. Kwa kukiri kwake mwenyewe, basi, jambo hili ni deni lililo katika dhima yake, na akifa leo litatolewa katika mali yake kabla ya kurithiwa. Akaagiza karatasi.

Tuliandika hivi: kwamba mume anadaiwa na mkewe gramu 32 za dhahabu ya karati 21, kwamba atazilipa kwa uzito wala si kwa thamani ya shilingi za zamani, kwamba muda ni miaka 4, kwamba mke ana hiari ya kusamehe chochote, lakini haulizwi wala haombwi. Shehe na mwenyeji wetu wakatia saini kama mashahidi. Mke aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya mkoba wake. Hakusema lolote. Lakini tulipotoka nje alimshika mume mkono katika giza la uchochoro, jambo ambalo mbele ya watu halifanyi.

Rubondo

Jumapili tulipita Katoro na Buseresere, miji miwili iliyochangamka iliyogusana mabega, tukafika Muganza wilayani Chato. Hapo tuliliacha gari na kupanda boti ya kwenda kisiwani. Tulivaa maboya, tukasoma dua ya safari, na ziwa lilikuwa tulivu. Baada ya siku nne za vumbi, maji yale yalikuwa kama rehema.

Rubondo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 457, zikiwamo za maji na za visiwa vidogo 11 vinavyokizunguka kisiwa kikuu. Hakuna simba wala chui. Wapo viboko na mamba ufukweni, pongo, tumbili, fisimaji, na nzohe, swala apendaye vinamasi, mwenye kwato ndefu zinazomsaidia kutembea katika matope. Juu ya miti mirefu hukaa furukombe, na mlio wake asubuhi ulituamsha kabla ya simu kutuamsha kwa Alfajiri.

Lakini kisa cha kisiwa hiki kilichotugusa zaidi ni cha sokwe. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa hapa sokwe 17 kutoka Ulaya, kwa juhudi za Bernhard Grzimek na shirika la wanyama la Frankfurt. Walikuwa sokwe waliokamatwa Afrika wakiwa wadogo, wakaishi miaka katika vizimba na sarakasi. Walifunguliwa milango ya masanduku ufukweni wakaachiwa msitu. Wengi wa waliokuwa wakijua habari hii hawakutarajia waishi. Waliishi. Walijifunza tena matunda ya kula na kujenga matundu ya kulalia juu ya miti, na wajukuu wao leo humwogopa binadamu kama sokwe yeyote wa mwituni. Tulitembea na askari wa hifadhi kwa saa tatu tukitafuta. Tuliona matundu yao, tukaona maganda ya matunda, na mara moja tukasikia kelele zao mbali upande wa bonde. Hatukuwaona. Askari aliomba radhi, mke akamwambia hakuna haja: kusikia kwamba wapo kunatosha.

Jioni tulikaa mbele ya banda la hifadhi tulilopanga, tukila wali na sato wa kukaanga, jua likizama upande wa Chato. Mume akauliza kama karatasi ingali mkobani. Mke akasema ipo. Akaongeza: "Miaka 9 nilikuwa nikikudai bila ya wewe kujua. Sasa nakudai nawe unajua. Ni nafuu kwangu." Kisha akacheka, kicheko ambacho nyumba yetu ilikuwa imekisahau.

Kwa watakaofuata njia hii

Tulirejea Tabora Jumanne usiku, gari limegeuka rangi. Kwa wanandoa watakaopenda kusafiri kama sisi, tuna nasaha chache. Kiangazi ni wakati mzuri wa barabara za vumbi, ila bebeni maji ya kutosha na tairi la akiba lililo zima. Kisiwani wapigieni simu wahusika wa hifadhi mapema juu ya boti na malazi. Kiingilio cha raia ni nafuu sana kuliko cha mgeni wa nje, basi msiache uzuri wa nchi yenu ukaangaliwa na wageni peke yao. Chukueni nguo za mikono mirefu, kwani mbung'o wapo msituni. Jifunzeni hukumu za kupunguza na kukusanya sala kabla ya kuondoka, ili msibishane njiani.

Na ikiwa kati yenu kuna jambo ambalo halitajwi mbele ya sinia, msilifungie nyumbani mnapoondoka. Lipakieni nalo. Njia ni ndefu, na ndani ya gari hakuna pa kukimbilia.

Mwezi uliopita mume alimpelekea sonara wa mjini kwetu fedha za gramu 2, ikatengenezwa pete nyembamba. Mke aliipima katika mizani ya sonara mwenyewe kabla ya kuivaa. Nyuma ya ile karatasi pameandikwa tarehe na saini mbili, na chini yake: zimebaki gramu 30.